Nyota abaki au ahamishwe, meneja avumiliwe au aondoke: Boston, New York na San Diego

Msimu wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani humalizika mwishoni mwa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba, na vikosi hurudi kambini Florida na Arizona katikati ya Februari. Ni miezi mitatu na ushei isiyo na mechi hata moja, lakini ndiyo miezi inayowagombanisha mashabiki kuliko yote, kwa sababu maswali mawili hurudi kila mwaka: nyota aliyekaribia kumaliza mkataba aongezewe, ahamishwe au aachwe aende zake, na meneja je, abaki au atafutiwe mrithi? Hapa zinawekwa sambamba klabu tatu zilizoyajibu maswali hayo kwa njia tofauti, yaani Boston Red Sox mwanzoni mwa 2020, New York Yankees mwaka 2022 na tena 2024, na San Diego Padres mwaka 2023, ili msomaji apime mwenyewe ni njia ipi angeifuata kama uamuzi ungekuwa wake.

Kwa wale tuliolelewa na kandanda, mambo mawili yanahitaji kuwekwa wazi kwanza. Anayeitwa meneja katika besiboli ndiye tunayemwita kocha mkuu: anapanga kikosi cha siku, anaamua mrushaji gani atoke na nani aingie, lakini hasajili mtu. Usajili ni kazi ya mkuu wa shughuli za besiboli, ambaye huketi ofisini na kuzungumza na mwenye klabu. Jambo la pili ni kwamba kwa kawaida mchezaji hauzwi kwa fedha taslimu kama tulivyozoea, bali hubadilishwa na wachezaji wengine, na klabu humiliki haki zake mpaka atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu, ndipo anakuwa huru kwenda anakotaka. Kwa hiyo mwaka wa mwisho kabla ya uhuru huo ndio wenye presha, maana klabu inayosubiri bila kuamua inaweza kuamka asubuhi moja ikakuta nyota kaondoka na kilichobaki mkononi ni karibu na bure.

Betts na Judge: walizaliwa mwaka mmoja, wakaamuliwa tofauti

Mookie Betts na Aaron Judge wote walizaliwa mwaka 1992, wote walilelewa na klabu zao tangu ngazi ya chini, na wote walikuwa walinzi wa upande wa kulia wa uwanja wa nje. Mwaka 2018 Betts alitajwa kuwa Mchezaji Bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, baada ya kupiga kwa wastani wa .346, yaani kufanikiwa karibu mara 35 katika kila majaribio 100, na Boston ilishinda mechi 108 kati ya 162 kisha ikatwaa ubingwa wa World Series. Judge ana urefu wa zaidi ya mita 2, na mwaka 2022 alipiga homurani 62, yaani mapigo yanayouvusha mpira uzio, akaivunja rekodi ya ligi hiyo ambayo Roger Maris aliiweka mwaka 1961 kwa mapigo 61.

Boston ilimhamishia Betts Los Angeles Dodgers Februari 2020, akiwa amebakiza mwaka mmoja na akiwa na umri wa miaka 27. Sababu yake haikuwa siri. Klabu ilikuwa imevuka kiwango cha mishahara kilichowekwa na ligi katika misimu ya 2018 na 2019, na kuvuka kwa mwaka wa tatu mfululizo kungeifanya itozwe asilimia 50 ya kila dola iliyozidi, katika kile kinachoitwa kodi ya anasa. Ili kupunguza zaidi mzigo huo, Boston ilimfunganisha Betts na mrushaji David Price, ambaye mkataba wake ulikuwa bado na dola milioni 96 kwa miaka 3, na hata hivyo ikakubali kuendelea kulipa nusu ya fedha hizo. Julai mwaka huohuo, wakati janga la korona limeshaufupisha msimu hadi mechi 60, Dodgers walimpa Betts mkataba mpya wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 365.

New York ilipita njia nyingine, ingawa haikuipita kwa utulivu kama inavyosimuliwa siku hizi. Kabla ya msimu wa 2022 kuanza, klabu ilimpa Judge ofa ya miaka 7 kwa dola milioni 213.5, akaikataa, na Brian Cashman, mkuu wa shughuli za besiboli, akazitangaza takwimu hizo hadharani siku ya mechi ya kwanza. Judge akacheza mwaka mzima bila mkataba mpya, akapiga mapigo 62, akawa huru, akaenda kusikiliza San Francisco Giants, na Desemba akarejea New York kwa miaka 9 na dola milioni 360. Wiki mbili hivi baadaye alitangazwa kuwa nahodha, wa kwanza tangu Derek Jeter alipostaafu mwaka 2014.

Tukizigawa fedha hizo kwa miaka, picha inabadilika. Ofa ambayo Judge aliikataa ilikuwa dola milioni 30.5 kwa mwaka. Aliyoikubali ilikuwa milioni 40 kwa mwaka, kwa hiyo miezi minane ya kubahatisha iliigharimu New York takriban milioni 9.5 kila mwaka, juu ya miaka miwili ya ziada. Betts kwa upande wake aliigharimu Los Angeles takriban milioni 30.4 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba Boston ilimwachia aliyekuwa kijana zaidi na wa bei nafuu zaidi, na New York ikamshika aliyekuwa ametimiza miaka 30 na kupanda bei. Shabiki anayetetea uamuzi wa Boston kwa hoja ya fedha peke yake anapaswa kuieleza kwanza tofauti hiyo, na mimi sijamsikia aliyeieleza akaniridhisha.

Hatari ya kumshika mchezaji wa umri huo nayo ilijitokeza mapema. Juni 2023 Judge aliugonga uzio wa uwanja wa Dodgers akidaka mpira, akaumia kidole cha mguu, akacheza mechi 106 tu msimu ule, na New York ikamaliza na ushindi 82 bila kufika hatua ya mtoano. Baada ya hapo, mwaka 2024 alipiga homurani 58 na mwaka 2025 akapiga 53, na miaka yote miwili akatajwa kuwa Mchezaji Bora. Mkataba unaendelea hadi 2031, atakapokuwa na miaka 39, kwa hiyo hesabu yake haijafungwa.

Ukimhamisha nyota, unapata nini?

Kwa Betts na Price, Boston ilipokea watu watatu: Alex Verdugo, mchezaji wa uwanja wa nje aliyekuwa tayari kwa ligi kuu, Jeter Downs, kijana aliyetarajiwa sana, na mdakaji Connor Wong. Downs aliichezea Boston mechi 14 tu kabla ya kuachwa mwishoni mwa 2022. Verdugo alicheza miaka minne ya wastani, kisha Desemba 2023 akahamishiwa New York, kwa watani wa jadi. Wong ndiye aliyebaki na kupata namba. Msimu wa kwanza bila Betts, Boston ilishinda mechi 24 na kupoteza 36, ikashika mkia katika kundi lake, huku Los Angeles ikichukua ubingwa mwaka huohuo, kisha tena 2024 na 2025.

San Diego ilikuwa na tatizo linalofanana na hilo mwishoni mwa 2023. Juan Soto, mpigaji mwenye jicho kali kuliko wenzake wengi wa kizazi chake, alikuwa amebakiza mwaka mmoja, klabu ilihitaji kupunguza mishahara, na mmiliki wake, Peter Seidler, alifariki dunia Novemba mwaka huo. Soto alihamishiwa New York Desemba pamoja na Trent Grisham, na San Diego ikapokea watu watano, ambao ni warushaji Michael King, Drew Thorpe, Jhony Brito na Randy Vásquez, na mdakaji Kyle Higashioka. King aliingia moja kwa moja katika safu ya warushaji wanaoanza mechi na kumaliza mwaka na ushindi 13 na wastani wa pointi 2.95 alizofungwa kwa kila awamu 9, yaani urefu wa mechi nzima. Thorpe hakuirushia San Diego mpira hata mmoja katika msimu wa ligi, kwani Machi 2024 alitumika kumpata Dylan Cease kutoka Chicago White Sox. Kutoka ushindi 82 wa mwaka 2023, San Diego ilipanda hadi 93.

Tofauti ya mabadilishano haya mawili inafaa kuchunguzwa kwa makini, maana hapo ndipo penye faida kwa anayetaka kuchagua. Boston ilikuwa na nyota mwenye thamani kubwa, lakini iliitumia sehemu ya thamani hiyo kulipia deni, kwa sababu klabu inayompokea Betts ilikuwa pia inaibebea nusu ya mzigo wa Price, na mwenye kukubebea mzigo hakupi na zawadi juu. San Diego haikumfunganisha Soto na mkataba wowote mzito. Iliomba warushaji ambao ilikuwa na pengo lao, wengi wao wakiwa tayari kucheza kesho yake, na yule ambaye hakuwa tayari ikamgeuza kuwa mwingine aliye tayari baada ya miezi mitatu hivi. Aliyeamua kumhamisha nyota basi ajiulize kwanza kama anamhamisha ili kujenga kikosi au ili kusafisha vitabu vya hesabu, kwa kuwa mabadilishano yaleyale hayawezi kuyafanya yote mawili vizuri.

Kuachia bila kupokea kitu

Njia ya tatu huonekana mbaya kwenye karatasi. New York ilimtumia Soto mwaka mmoja, akapiga homurani 41 na kuisaidia kufika fainali ya World Series, kisha Desemba 2024 akavuka mto kwenda New York Mets kwa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765, mkubwa kuliko wowote uliowahi kutolewa katika mchezo huo. Fedha ambazo hazikwenda kwa Soto ziligawanywa: mrushaji Max Fried alisaini kwa miaka 8 na dola milioni 218, Cody Bellinger na Devin Williams wakapatikana kwa mabadilishano, Paul Goldschmidt akaja kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. New York ilishinda mechi 94 mwaka 2024 ikiwa na Soto, na ikashinda mechi 94 mwaka 2025 bila yeye. Grisham, aliyekuja kama nyongeza ya kujaza kapu, alipiga homurani 34 mwaka huo wa pili. Mets, wenye Soto, walishinda 83 na kukosa mtoano. Bado sitaki mtu aondoke na takwimu hiyo akidhani nyota hawana kazi: mwaka 2024 New York ilifika fainali na 2025 ilitolewa na Toronto Blue Jays katika raundi ya pili, na katika mechi chache za Oktoba mpigaji mmoja kama Soto ana uzito ambao mechi 162 huuficha. Lakini kugawanya fedha kunawezekana pale tu ambapo nyota mwingine, Judge, ameshashikwa. Klabu isiyo na wa pili haiwezi kuiga.

Meneja

Kuhusu meneja, Boston haikuchagua bali ililazimika. Alex Cora, aliyeipa ubingwa wa 2018, aliachana na klabu Januari 2020, siku moja baada ya ligi kutoa ripoti yake kuhusu wizi wa ishara, yaani kuzinasa ishara za siri za wapinzani, uliofanywa na Houston Astros mwaka 2017, alipokuwa msaidizi kule. Ron Roenicke alishika nafasi yake msimu mmoja, ule wa ushindi 24, na Novemba 2020 Cora akarudishwa baada ya kumaliza adhabu. Mwaka 2021 Boston ilishinda 92, ikaitoa New York kwa 6 kwa 2 katika mechi moja ya mtoano pale Fenway Park, na kufika nusu fainali. Wengi walisema wakati ule kwamba meneja ndiye aliyekuwa amekosekana. Mwaka 2022 na 2023, chini ya Cora huyohuyo, Boston ilishinda 78 na 78 na kushika mkia mara zote mbili. Aliyefukuzwa Septemba 2023 alikuwa Chaim Bloom, mkuu wa usajili aliyemhamisha Betts, na kwa maoni yangu hapo klabu ilikuwa imeelewa angalau ugonjwa uko ofisi ipi.

San Diego ilimruhusu Bob Melvin kwenda kuifundisha San Francisco Giants, klabu ya kundi lao wenyewe, Oktoba 2023, baada ya habari nyingi kwamba uhusiano wake na A.J. Preller, mkuu wa usajili, ulikuwa umechacha. Mike Shildt alipandishwa kutoka ndani, na mwaka uliofuata ulikuwa wa ushindi 93. Kabla ya kumpa Shildt sifa zote, hata hivyo, ni haki kukumbuka kwamba timu ya 2023 ilifunga pointi 104 zaidi ya ilizofungwa, ilishinda mechi 9 na kupoteza 23 zilizoamuliwa kwa pointi moja, na katika mechi za muda wa nyongeza ilishinda 2 na kupoteza 12. Rekodi ya namna hiyo hujirekebisha mara nyingi yenyewe, hata kama meneja angebaki yuleyule.

New York ndiyo iliyochagua uvumilivu. Ilimwacha Joe Girardi mwaka 2017 baada ya miaka 10, ikamchukua Aaron Boone ambaye hakuwahi kufundisha popote, na tangu hapo imemwongezea mkataba kila ulipokaribia kwisha, mara ya mwisho Februari 2025, hadi 2027. Wanaotaka aondoke wana ushahidi wao, na ulio mzito kuliko wote ni usiku wa 25 Oktoba 2024, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Dodgers, Los Angeles. Ni awamu ya 10, New York inaongoza 3 kwa 2, mpigaji mmoja wa Los Angeles keshatolewa, wakimbiaji wawili wapo vituoni, na anayekuja kupiga ni Shohei Ohtani. Boone anamwita mrushaji Nestor Cortes, ambaye hakuwa amerusha katika mechi tangu 18 Septemba, huku mrushaji mwingine, Tim Hill, akiwa tayari. Ohtani anaupiga mpira juu upande wa kushoto. Verdugo, yuleyule aliyebadilishwa na Betts, anaudaka na kuangukia upande wa watazamaji, na kwa kanuni wakimbiaji wanasogea kituo kimoja. Sasa kituo cha kwanza kiko wazi na anayefuata ni Betts. Boone anaamuru Betts apewe kituo bila kurushiwa, ili Cortes akutane na Freddie Freeman, anayechechemea kwa kifundo kilichoteguka. Mpira wa kwanza tu, Freeman anaupeleka kwa mashabiki wa upande wa kulia, wote wanne wanaingia, mechi imekwisha 6 kwa 3.

Wanaomtetea nao wana hoja. Cortes alimwondoa Ohtani, ambalo ndilo jambo aliloitiwa. Na siku tano baadaye, katika mechi ya tano, New York iliongoza 5 kwa 0 kabla Judge hajaangusha mpira rahisi, Anthony Volpe hajakosea kurusha kituo cha tatu, na Gerrit Cole hajasahau kukimbilia kituo cha kwanza wakati Betts alipopiga mpira dhaifu chini. Los Angeles ikafunga pointi 5 katika awamu moja, Betts akapiga mpira ulioleta pointi ya 7, ile ya ushindi, katika awamu ya 8, na aliyetolewa wa mwisho alikuwa Verdugo. Hakuna kati ya hayo aliloliamuru meneja, ingawa kuna wanaouliza, na si bure, ni nani anayepaswa kuwafundisha wachezaji wa kulipwa kukimbilia kituo cha kwanza.

Nani achague ipi

Klabu yenye nyota aliye chini ya miaka 28, aliyelelewa nyumbani na asiye na historia ya majeraha, ingefaa imwongezee mkataba miaka miwili kabla ya uhuru wake, si mwaka mmoja. Boston na New York zote mbili zilichelewa. Tofauti ni kwamba New York ilikuwa na ubavu wa kulipia ucheleweshaji wake. Klabu isiyo na ubavu huo, au iliyoona wazi kwamba mchezaji ameazimia kwenda sokoni kama ilivyokuwa kwa Soto, ifuate mkondo wa San Diego, mapema, bila kumfunganisha na deni, na iombe wachezaji walio tayari. Kumwachia aende bila kupokea kitu ni kwa klabu inayowania ubingwa mwaka uleule na yenye nyota mwingine wa kuegemea.

Meneja ningemweka mwisho katika orodha ya mambo ya kuamuliwa majira hayo, kwa sababu ushindi 92, 78 na 78 wa Cora unaonyesha kwamba kikosi kinapobadilika, meneja yuleyule huonekana hodari leo na mzembe kesho. Abadilishwe pale anapokuwa hazungumzi tena na ofisi, kama Melvin, si pale mashabiki wanapotaka kichwa cha mtu baada ya Oktoba mbaya.

Lakini kuna mahali maswali haya mawili hukutana, na Boston ilipaona. Januari 2023, baada ya kumpoteza Betts na kisha nyota mwingine, Xander Bogaerts, ilimpa Rafael Devers mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 313.5, na wengi tukadhani somo limeeleweka. Miaka miwili baadaye klabu ilimsajili Alex Bregman, mlinzi wa kituo cha tatu, ambacho kilikuwa cha Devers. Cora, meneja aliyevumiliwa, ndiye aliyesimamia mpango wa Devers kuacha ulinzi na kubaki mpigaji tu. Triston Casas, mlinzi wa kituo cha kwanza, alipoumia goti Mei 2025, klabu ilitaka Devers ahamie kituo cha kwanza, naye akakataa hadharani, akisema kwamba alishaambiwa aliweke glovu kando. Tarehe 15 Juni alihamishiwa San Francisco, mkataba wake wote ukimfuata. Huko alimkuta Bob Melvin, na mwezi uliofuata akavaa glovu na kusimama kituo cha kwanza.